Kwa Nini Karatasi Ilidumu na Saa ya Su Song Ikapotea

Kila makala kuhusu uvumbuzi wa kale wa Wachina hurudia orodha ileile ya mambo manne: karatasi, uchapaji, dira na baruti. Orodha hiyo haikutungwa na Wachina. Mwaka 1620 mwanafalsafa wa Uingereza, Francis Bacon, aliandika kwamba uchapaji, baruti na dira vimeubadilisha ulimwengu kuliko dola au madhehebu yoyote, akasema pia kuwa chanzo cha vitu hivyo hakijulikani vyema. Hakuwa na habari kwamba vyote vitatu vilikuwa vimetumika China kwa karne nyingi kabla ya kufika Ulaya. Karatasi iliongezwa baadaye, na katika karne ya 20 Joseph Needham wa Chuo Kikuu cha Cambridge, mwanabiokemia aliyegeukia historia ya sayansi ya China, alichangia sana kuifanya orodha hiyo ijulikane kila mahali.

Sina ugomvi na mambo manne hayo. Kinachonikera ni kwamba orodha hutusomea majina ya washindi tu, kana kwamba kila kilichobuniwa China kilikuwa na bahati ya kuenea, ilhali vipo vitu vya ajabu kuliko karatasi vilivyokufa palepale vilipozaliwa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma historia ya ufundi kwa mapenzi yangu tu, na jibu ambalo nimeliona likijirudia ni hili: kilichodumu ni kile ambacho fundi wa kawaida aliweza kukitengeneza kwa mali ghafi iliyopatikana kwao, bila kuhitaji ruhusa wala hazina ya mfalme. Kilichotegemea ikulu kiliondoka na ikulu.

Nianze na kimoja kilichokufa. Mwaka 132 BK, Zhang Heng, mkuu wa elimu ya nyota katika ikulu ya Luoyang, uliokuwa mji mkuu wa nasaba ya Han ya Mashariki, aliwaonyesha wakubwa wake chombo cha shaba chenye umbo la mtungi na kipenyo kilichokaribia mita 2. Kwa nje mtungi ulizungukwa na vichwa 8 vya majoka, kila kimoja kikielekea upande wake, na kila joka lilishika gololi ya shaba mdomoni. Chini ya kila kichwa alikaa chura wa shaba aliyeachama. Ardhi ikitikisika mahali fulani mbali, mtambo uliofichwa ndani ya mtungi ulifungua kinywa cha joka moja tu, na gololi ikadondoka kwa kishindo kinywani mwa chura, ikionyesha upande ambako tetemeko limetokea. Historia rasmi ya Han inasimulia kwamba safari moja gololi ilianguka bila mtu yeyote mjini kuhisi mtikisiko, wasomi wakaanza kukitilia shaka chombo, kisha baada ya siku chache mjumbe akawasili na habari kwamba ardhi imetetemeka Longxi, mamia ya kilomita upande wa magharibi. Jambo hilo ni la kustaajabisha, lakini halikuzaa kitu. Chombo kilikuwa kimoja, mali ya ofisi moja, kikiendeshwa na watu wachache walioajiriwa kukitazama, na kilipopotea hakuna fundi wa mtaani aliyekuwa na sababu wala njia ya kutengeneza kingine. Mifano tunayoiona leo katika makumbusho imetengenezwa kwa kukisia kutokana na maelezo mafupi ya historia hiyo.

Kisa cha pili kinasikitisha zaidi, kwa sababu mbunifu wake aliacha kitabu cha maelezo pamoja na michoro. Su Song, waziri wa nasaba ya Song, alisimamia ujenzi wa mnara wa saa mjini Kaifeng, uliokamilika katika muongo wa mwisho wa karne ya 11. Mnara ulikuwa na urefu wa takribani mita 12. Ndani yake kulikuwa na gurudumu kubwa lenye vikombe 36 vilivyopokea maji moja baada ya kingine. Kikombe kikijaa, uzito wake ulisukuma komeo, gurudumu likasogea hatua moja na kusimama tena hadi kikombe kilichofuata kijae. Kwa hatua hizo za kusubiri na kusogea, mnara uliendesha tufe la nyota na chombo cha kupimia anga kilichowekwa juu kabisa, na vinyago vya mbao vilijitokeza madirishani kutangaza saa kwa kengele, ngoma na mbao zenye maandishi. Mwaka 1127 Wajurchen wa kaskazini waliuteka mji wa Kaifeng, wakaufungua mnara na kuusafirisha kwao, ambako haukuweza kufanya kazi vizuri tena. Watawala wa Song waliokimbilia kusini walijaribu kujenga mwingine wakashindwa, japokuwa kitabu kilikuwapo. Saa za mitambo zilizoanza kuonekana Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 13 hazikuwa bora kuliko mnara wa Su Song. Tofauti ni kwamba ziliwekwa makanisani na katika viwanja vya miji, ambako kila mji ulioona wivu ulimtafuta fundi wake, na baada ya muda mafundi wa saa wakawa tabaka zima la watu wenye chama chao, wanafunzi wao na ushindani wao.

Sasa tulinganishe na karatasi. Kabla yake Wachina waliandika juu ya hariri, ambayo ilikuwa ghali, au juu ya vibanzi vya mianzi vilivyounganishwa kwa kamba, ambavyo vilikuwa vizito. Mwanahistoria Sima Qian anaeleza kwamba Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China chini ya utawala mmoja mwaka 221 KK, alijiwekea uzito maalumu wa nyaraka za kusoma kila siku, ambao kwa vipimo vyetu ni kama kilo 30, na hakupumzika kabla ya kuumaliza. Dola yenye maofisa wengi kiasi hicho ilikuwa imeshaihitaji karatasi kabla ya mtu yeyote kuitengeneza, na ndiyo maana siamini kwamba iligunduliwa kwa siku moja na mtu mmoja. Kipande chenye mistari ya ramani kilichofukuliwa Fangmatan, katika mkoa wa Gansu, ni cha karne ya 2 KK. Kwa hiyo Cai Lun, towashi wa ikulu ambaye mwaka 105 BK alipeleka taarifa ya karatasi yake kwa Kaizari He, hakuanzia sifuri. Alichokifanya ni kuiboresha kazi iliyokuwapo na kuipatia malighafi ambazo hakuna aliyezigombania: magome ya miti, nyuzi za katani, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Cai Lun alikuwa mtu wa ikulu, lakini kanuni yake haikuhitaji ikulu. Malighafi yake ilikuwa takataka, na vyombo vyake vilikuwa birika la maji, kinu, na chekecheo la vijiti vya mianzi. Nimewahi kutengeneza karatasi kwa mkono katika warsha ya sanaa, kwa nyuzi za mgomba zilizochemshwa na majivu, na kilichonishangaza ni namna ufundi wote unavyokaa katika dakika ile chekecheo linapotoka majini. Rojo lazima liwe jepesi kiasi cha kuonekana kama maji yaliyochafuka tu. Likiwa zito, nyuzi hushikana kwa mabonge na karatasi hutoka kama ngozi ya uji uliopoa. Chekecheo huzamishwa wima, hulazwa chini ya maji, kisha huinuliwa sawasawa huku likitikiswa kidogo mbele na nyuma na kando kwa kando, ili nyuzi zipishane kabla maji hayajachuruzika. Mtikiso ukichelewa, karatasi huwa na upande mnene na upande mwembamba, na hakuna marekebisho tena isipokuwa kuirudisha birikani. Baada ya hapo ni kulalisha majani moja juu ya jingine, kuyakandamiza yatoe maji, na kuyaanika; China mafundi waliyabandika kwa brashi ukutani. Fundi anayeyajua mambo hayo anaweza kuhamia mji wowote wenye maji safi na watu wenye nguo zilizochakaa.

Cai Lun mwenyewe hakumaliza vizuri. Alipewa cheo na ardhi, lakini fitina za ikulu zilimrudia miaka kadhaa baadaye, na mwaka 121, alipoamriwa kufika mbele ya waendesha mashtaka, alioga, akavaa mavazi yake bora, akanywa sumu. Kazi yake haikuyumba kwa kifo hicho hata kidogo. Kufikia karne ya 6, karatasi ilikuwa kitu cha kawaida kiasi kwamba msomi Yan Zhitui aliona haja ya kuandika kwamba hathubutu kutumia chooni karatasi zenye maneno ya vitabu vitukufu au majina ya wenye hekima, maneno ambayo yanatuambia waziwazi kwamba karatasi nyingine zilitumika huko bila tatizo.

Safari ya karatasi kwenda magharibi husimuliwa mara nyingi kwa kisa kimoja: mwaka 751 majeshi ya Waabbasi, makhalifa wa Kiislamu, yaliyashinda majeshi ya nasaba ya Tang ya China kando ya mto Talas katika Asia ya Kati, mafundi wa karatasi wakatekwa, na karatasi ikaanza kutengenezwa Samarkand. Kisa hicho ni kitamu, na huenda kina ukweli ndani yake, lakini wafanyabiashara wa Kisogdia walikuwa wakiandikiana barua juu ya karatasi tangu mwanzoni mwa karne ya 4, kwa hiyo kitu chenyewe hakikuwa kigeni Asia ya Kati. La maana zaidi ni kilichotokea baada ya hapo. Mafundi wa Samarkand na wa Baghdad, ambako karatasi ilianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 8, hawakuwa na miforosadi ya Kichina ya kuchuna magome. Walitumia matambara ya kitani na katani, wakaipaka karatasi wanga ili kalamu ya tete iteleze juu yake. Maofisa wa khalifa Harun al-Rashid waliipenda kwa sababu iliyo karibu sana na kazi ya ofisi yoyote: ngozi inaweza kukwanguliwa na kuandikwa upya, lakini karatasi hunyonya wino, na anayetaka kughushi hati huacha alama. Kutoka hapo ilipita Misri na Maghreb hadi Xàtiva nchini Hispania, kisha Fabriano nchini Italia katika karne ya 13, ambako Waitalia waliacha wanga wakatumia gundi ya wanyama, wakapondea matambara kwa nyundo zilizoendeshwa na maji, na wakabuni alama za maji ambazo mpaka leo tunazitazama tunapoinua noti kwenye mwanga. Katika kila kituo malighafi ilibadilika, gundi ikabadilika, mteja akabadilika, na kazi ya msingi ikabaki ileile ya birika na chekecheo. Barua za kale zaidi za Kiswahili zinazojulikana, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa, ziko juu ya karatasi. Waandishi wake walikuwa mwishoni mwa mnyororo huo mrefu.

Uchapaji ulifuata karatasi kwa sababu iliyo wazi: hakuna faida ya kuchapa nakala elfu moja kama kila ukurasa ni ngozi ya mwanakondoo. Kitabu cha kale zaidi kilichochapwa ambacho kina tarehe yake ni msahafu wa Kibudha wa mwaka 868, uliopatikana katika pango la Dunhuang na sasa uko katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Ni hati ya kukunjwa yenye urefu wa takribani mita 5, na mwishoni imeandikwa kwamba Wang Jie aliitoa kwa heshima ya wazazi wake wawili ili isambazwe kwa watu wote bure. Nia ya Wang Jie inafaa kutiliwa maanani. Katika imani yake, kuzidisha nakala za maneno matakatifu kulileta thawabu, na kibao cha mbao kilichochongwa maandishi kwa kinyume kilizidisha thawabu hiyo kwa kasi ambayo mwandishi wa mkono asingeweza kuifikia.

Karibu karne mbili baadaye, katika muongo wa 1040, mtu asiye na cheo chochote aliyeitwa Bi Sheng alibuni herufi zinazohamishika. Tusingemjua kama Shen Kuo, ofisa na msomi mwenye jicho kali, asingeieleza kazi yake kwa undani mwaka 1088. Bi Sheng alichonga kila herufi katika udongo wa mfinyanzi, kina chake kikiwa chembamba kama ukingo wa sarafu, kisha akazichoma motoni zikawa ngumu. Alichukua bamba la chuma, akalipaka mchanganyiko wa utomvu wa msonobari, nta na majivu ya karatasi, akaweka fremu ya chuma juu yake na kupanga herufi zikiwa zimebanana. Bamba lilipashwa moto mpaka mchanganyiko ukalainika, na ubao bapa ukakandamizwa juu ili nyuso zote za herufi zilingane. Alikuwa na mabamba mawili: moja likichapa, la pili linapangwa. Herufi za kawaida alikuwa nazo zaidi ya 20 kwa kila moja, na herufi adimu aliichonga papo hapo na kuichoma kwa moto wa majani makavu. Shen Kuo, ambaye hakuwa mtu wa kusifia ovyo, anaongeza kwamba kwa nakala mbili au tatu njia hiyo haina maana, lakini kwa mamia na maelfu ni ya kasi isiyo ya kawaida.

Kwa nini basi China iliendelea kuchapa kwa vibao vya mbao kwa zaidi ya miaka 700 baada ya Bi Sheng? Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa uzembe, nami naliona kuwa hesabu nzuri ya biashara. Maandishi ya Kichina yanahitaji maelfu ya herufi tofauti, na kila moja lazima itafutwe katika kasha lake na mtu anayejua kusoma. Mchongaji wa kibao hakuhitaji kujua kusoma. Alifuata mistari ya wino iliyobandikwa juu ya ubao. Kibao kilichokamilika kiliwekwa ghalani, na mteja alipotaka nakala 50 nyingine baada ya miaka mitano, kilitolewa, kikapakwa wino, kazi ikaisha siku hiyohiyo. Herufi zinazohamishika zilipata makao yao Korea, ambako mwaka 1377 kitabu cha Kibudha kilichapwa kwa herufi za metali, na baadaye Mainz, Ujerumani, kwa Johannes Gutenberg katika miaka ya 1450. Hakuna ushahidi kwamba Gutenberg alisikia habari za Bi Sheng. Alikuwa na alfabeti ya herufi chache, uzoefu wa ufundi wa madini, na karatasi ya matambara ambayo asili yake ni ileile ya Cai Lun, na hiyo ya mwisho ndiyo deni lake la hakika kwa China.

Kabla sijaiacha karatasi, kuna mtoto wake mmoja aliyekataliwa ugenini. Sichuan ilitumia sarafu za chuma, nzito na zenye thamani ndogo, na wafanyabiashara wa Chengdu walianza kuandikiana stakabadhi badala ya kubeba magunia ya chuma. Mwaka 1024 serikali ya Song ikaanza kutoa noti zake yenyewe. Mwaka 1294 mtawala wa Kimongolia wa Uajemi, Gaykhatu, ambaye hazina yake ilikuwa imekauka, aliagiza noti kama hizo zitolewe Tabriz, zikiwa hata na maandishi ya Kichina juu yake. Wenye maduka walifunga milango, masoko yakawa matupu, ghasia zikazuka, na noti zikafutwa baada ya muda mfupi. Noti ilikuwa rahisi kuitengeneza, ila thamani yake ilikaa katika imani ya mtu kwa serikali, na imani hiyo haikupandishwa ngamia pamoja na karatasi.

Dira haikuanza baharini. Kwa muda mrefu sumaku ilikuwa chombo cha wapima viwanja waliotafuta upande mwema wa kujenga nyumba au kuchimba kaburi, na kitabu cha mambo ya vita cha mwaka 1044 kinaeleza samaki wa bati jembamba la chuma aliyechomwa hadi akawa mwekundu, kisha akazamishwa majini mkia wake ukielekea kaskazini ili apate nguvu ya sumaku. Shen Kuo aliijaribu sindano iliyosuguliwa na jiwe la sumaku kwa njia nne: kuielesha juu ya maji, kuiweka juu ya ukucha, kuiweka kwenye ukingo wa bakuli, na kuining'iniza. Aliipendelea ya mwisho: uzi mmoja wa hariri mpya, ulioshikizwa katikati ya sindano kwa nta kiasi cha punje ya haradali, mahali pasipo na upepo. Akaona pia kwamba sindano haielekei kusini kamili bali husogea kidogo kuelekea mashariki, jambo ambalo Ulaya ilikuja kuliandika karne kadhaa baadaye. Mwaka 1119 Zhu Yu aliandika kuhusu marubani wa meli za Guangzhou kwamba usiku hutazama nyota, mchana hutazama jua, na anga likifunga hutazama sindano.

Sikubaliani na wanaosema kwamba dira ndiyo iliyoifungua Bahari ya Hindi. Vyombo vilikuwa vikija pwani yetu kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi tangu zama ambazo hakuna sindano iliyosuguliwa popote, na anga safi la bahari hiyo liliwatosha manahodha waliozijua nyota. Dira iliongeza uhakika, hasa siku za mawingu. Hata misafara ya Zheng He, amiri wa majeshi ya majini ya China, iliyofanyika mara saba kati ya 1405 na 1433 na kufika Mogadishu, Barawa na Malindi, ilipita katika njia ambazo wafanyabiashara walikuwa wamezizoea kwa muda mrefu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walipeleka twiga China, mnyama aliyepokewa kama kiumbe cha baraka cha hadithi zao za kale. Miaka 18 baadaye misafara ilikoma, kwa kuwa ilikuwa mradi wa kaizari na makaizari waliofuata hawakuutaka, na mabaharia wadogo waliendelea na sindano zao kama kawaida.

Baruti nitaipita haraka, maana imeandikwa mno. Wataalamu wa dawa wa zama za Tang waliokuwa wakitafuta uzima wa milele walichanganya salfa, shura na vitu vyenye makaa ndani yake, na andiko lao moja linaonya kwamba watu waliojaribu mchanganyiko huo waliungua mikono na nyuso, na nyumba yao ikateketea. Kitabu kile cha 1044 kina kanuni za kwanza zilizoandikwa. Mwaka 1132 mikuki ya moto ilitumika katika kuzingirwa kwa mji wa De'an. Na mzinga mdogo wa mkono uliopatikana Heilongjiang ni wa takribani mwaka 1288. Dai kwamba Wachina waliitumia kwa fataki tu halina msingi wowote. Shura huchujwa kutoka katika udongo wa mazizi na kuta kuukuu, kwa hiyo hakuna mfalme aliyeweza kuizuia isitengenezwe kwingine, na Waarabu, ambao waliiita theluji ya China, walijifunza matumizi yake mapema. Baruti ilifika kwetu kwa mlango mbaya: mwaka 1505 mizinga ya Mreno Francisco de Almeida ilishiriki katika kuporwa kwa Kilwa na Mombasa, na mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kwa hesabu za mizinga.

Kinachoibana hoja yangu ni kauri. Hiki ni kitu cha Kichina kilichoenea duniani kote kwa karibu miaka 1,000 bila ufundi wake kutoka Asia ya Mashariki. Sababu iko ardhini: kauri halisi huhitaji udongo mweupe wa kaolini uliochanganywa na jiwe maalumu lililosagwa, na tanuri linalofikia nyuzijoto 1,300 hivi za Selsiasi. Mafundi wa Misri na Uajemi walikuwa na macho, mikono na hamu, lakini hawakuwa na udongo huo wala tanuri hilo, wakaishia kupaka rangi nyeupe juu ya udongo wa kawaida ili ufanane. Jingdezhen, mji wa mafundi wa kauri wa China, ikabaki na soko. Vipande vyake na vya matanuri mengine ya China vimefukuliwa Kilwa, Gedi na Lamu, na mwaka 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alisema kwamba historia iliyofukiwa ya Tanganyika tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, nimezitazama kwa karibu nguzo za makaburi ambazo bakuli na sahani za Kichina zilipachikwa katika chokaa kama mapambo. Nyingi zimeng'olewa. Panapokuwa na shimo tupu, unaweza kuona jinsi mwashi alivyolichimba kwa kipimo cha kitako cha bakuli kwanza, kisha akajazia chokaa kuzunguka ukingo ili uso wake ukae sawa na ukuta, kazi ya mtu aliyejua kwamba akivunja bakuli hilo hatapata jingine upesi.

Ulaya ilihangaika vivyo hivyo. Mwaka 1717 Augustus, mtawala wa Saxony katika Ujerumani ya leo, aliyekuwa na uchu wa kauri, aliwatoa wanajeshi 600 kwa mfalme wa Prussia akapewa vyombo 151 vya Kichina. Ni mtawala huyohuyo aliyemfungia Johann Friedrich Böttger, kijana aliyedai anaweza kutengeneza dhahabu, mpaka yeye na wenzake walipofaulu kuchoma kauri kwa kaolini ya Saxony. Kiwanda cha Meissen kilianzishwa mwaka 1710. Siri haikukaa Meissen pia, mafundi walitoroka nayo. Mwaka 1712 padri Mjesuiti François Xavier d'Entrecolles alituma kutoka China barua ndefu inayoeleza kazi za Jingdezhen hatua kwa hatua, na Ulaya ikaanza kutafuta kaolini yake yenyewe, ikaipata. Kufikia karne ya 19 viwanda vya Uingereza na vya Maastricht nchini Uholanzi vilikuwa vikiuza vyombo vya bei nafuu katika masoko ya Unguja na Lamu, vingi vikiwa vya udongo wa kawaida uliopambwa kwa mihuri ya rangi, na vilinunuliwa kwa wingi kuliko kauri ya China ilivyowahi kununuliwa.